Mtoto akienda fildi, mzazi naye ana kazi ya kufanya

Simu iliingia Kirando saa mbili usiku, mapema Julai 2024. Ziwa Tanganyika lilikuwa limefungwa kwa uvuvi tangu Mei 15 ili samaki wapate kuzaliana, na lisingefunguliwa hadi Agosti 15. Nyavu zilikuwa zimekunjwa ndani, mitumbwi imepumzishwa mchangani, na baba ambaye kwa kawaida saa hiyo huwa majini alikuwa ameketi barazani.

"Shikamoo baba. Nimepata nafasi ya fildi. Ni Sumbawanga, karakana ya mashine. Wiki nane."

"Marahaba mwanangu. Mungu mkubwa. Watakulipa shilingi ngapi?"

"Hawalipi baba. Ni mafunzo."

Baba alikaa kimya kidogo. "Yaani ufanye kazi miezi miwili bure, halafu nauli na chakula nitoe mimi? Na ziwa limefungwa?"

Binti huyu ni wa mfano, lakini mzazi yeyote mwenye mtoto anayesomea uhandisi atayatambua mazungumzo hayo. Yanafanyika kila mwaka inapofika likizo ndefu, Kirando, Namanyere, Laela na kwingineko. Mtoto anaona hatua ya masomo. Mzazi anaona matumizi mapya yaliyokuja bila taarifa. Wote wawili wana haki. Kinachokosekana ni mtu wa kukaa nao na kueleza wiki hizo nane ni za nini, na nyumbani panahitajika nini ili zisipotee bure.

Si kibarua, si likizo

Mafunzo kwa vitendo, ambayo wanafunzi huyaita fildi au PT, ni sehemu ya shahada ya uhandisi kama ulivyo mtihani. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichoanza kufundisha uhandisi mwaka 1973, huwapeleka wanafunzi wake kazini baada ya mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu, wiki nane kila mara. Hesabu yake ni wiki 24 za kazi kabla ya kumaliza shahada ya miaka minne. Vyuo vingine vina ratiba zao, lakini kanuni ni ileile: asiyefanya fildi akaifaulu, hahitimu.

Wazo la mpangilio huo ni kumpandisha mwanafunzi ngazi kwa ngazi. Safari ya kwanza hufanya kazi za fundi mchundo: anashika spana, anakata chuma, anabeba. Safari ya pili husogea kwenye kazi za fundi sanifu: anapima, anatafuta kilichoharibika na sababu yake. Safari ya tatu huanza kutazama kazi kwa jicho la mhandisi: mipango, gharama, usalama, watu. Kwa hiyo mzazi akisikia mtoto wa mwaka wa kwanza anaosha vyuma kwa dizeli, asidhani ameonewa. Yuko mahali pake.

Kila siku mwanafunzi anaandika alichofanya kwenye daftari maalumu, wenyewe huliita logibuku, na msimamizi wa kazini anatia saini. Mwalimu wa chuo hufika kumkagua, humwuliza maswali papo hapo, na mwishoni mwanafunzi huandika ripoti. Alama zinatoka huko.

Ngazi hiyo haiishii chuoni. Mhitimu wa uhandisi Tanzania haitwi mhandisi mtaalamu siku anapovaa joho. Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB) humsajili kwanza kama mhandisi mhitimu, naye hutakiwa kufanya kazi chini ya uangalizi kabla ya kupanda daraja. Kwa ajili hiyo, mwaka 2003 bodi ilianzisha mpango wa mafunzo ya vitendo kwa wahitimu, unaojulikana kwa kifupi kama SEAP, unaochukua miaka mitatu. Kijana aliyezoea kuandika logibuku vizuri tangu mwaka wa kwanza anaingia huko akiwa na mkono mwepesi. Aliyenakili la mwenzake anaanza upya akiwa mtu mzima.

Lazima iwe Dar es Salaam?

Wazazi wengi wa mikoani huamini kwamba fildi ya maana iko Dar es Salaam, kwenye ghorofa lenye kiyoyozi na jina linalojulikana. Mtoto akisema anakwenda Sumbawanga, mama mkubwa anauliza, "Kwani mjini wamemkataa?"

Lakini kwa anayetaka kujifunza uhandisi, Rukwa ina somo kila upande. Kwa miaka mingi Sumbawanga imetegemea umeme unaotoka Zambia, na ndiyo maana mradi wa njia kubwa ya umeme ya kilovolti 400 kutoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma hadi Sumbawanga una uzito wa pekee kwa mkoa huu. Barabara ya lami ya Tunduma hadi Sumbawanga, zaidi ya kilomita 200, imebadilisha biashara ya mahindi. Zipo ofisi za TANROADS na TARURA kwa anayesoma ujenzi, TANESCO kwa anayesoma umeme, mamlaka ya maji na RUWASA kwa anayesoma maji. Kando ya ziwa kuna bandari za Kasanga na Kabwe. Na kila kijiji cha uwanda wa Ufipa, ambako mahindi ni maisha, kina mashine ya kusaga na kukoboa inayohitaji fundi.

Swali la kuuliza kabla ya kuchagua mahali ni moja: kuna kazi hapo ambayo mwanafunzi ataruhusiwa kuigusa? Ofisi kubwa yenye wanafunzi 30 na mashine mbili inaweza kumfundisha kidogo kuliko karakana ndogo ambayo mwenyewe ana sifa za kumsimamia, na wateja wanapanga foleni mlangoni. Chuo nacho lazima kiridhie mahali hapo, maana si kila karakana ina mtu anayestahili kutia saini.

Maombi hufanywa mapema, miezi kadhaa kabla, kwa barua ya utambulisho kutoka chuoni. Mzazi mwenye ndugu anayefahamu ofisi fulani hafanyi kosa kumwomba aelekeze barua ipelekwe kwa nani. Kosa linaanza pale mtu anapotaka pesa ili nafasi ipatikane. Nafasi ya fildi hainunuliwi, na anayeiuza ni wa kumkimbia.

Mzigo kutoka ziwani

Baba wa Kirando alikubali baada ya siku tatu. Hakukubali kwa sababu pesa ilipatikana. Alikubali kwa sababu mama alikaa chini akahesabu. Nauli kutoka chuoni hadi Sumbawanga. Malazi, ambayo yangekuwa kwa baba mdogo anayeishi huko mjini. Chakula cha mchana kazini. Viatu vigumu na ovaroli. Vocha kidogo.

Wanafunzi waliopata mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB) wajue kwamba mafunzo kwa vitendo ni moja ya vipengele vya mkopo, sawa na chakula na malazi, vitabu na ada. Anachopata kila mmoja hutegemea alivyopangiwa. Mzazi amwulize mtoto mapema kama kipengele hicho kimo kwenye mkopo wake na ni kiasi gani, asisubiri hadi wiki ya kuondoka. Hata kikiwemo, ni busara familia iwe na akiba ya nauli na chakula cha wiki mbili za kwanza, kwa sababu tumbo halisubiri muamala.

Mama alitafuta ndoo ya dagaa wakavu aliowaweka kabla ziwa halijafungwa, akaifunga na kuipakia kwenye basi la Sumbawanga pamoja na sweta. Kirando kuna joto la ziwani, lakini Sumbawanga iko juu uwandani, na Julai baridi yake inaingia hadi kwenye mifupa. Dagaa hawakuwa wa binti. Walikuwa wa mama mdogo.

Hapo mama alifanya jambo ambalo wazazi wengi husahau. Mtoto anayefikia kwa ndugu anaongeza mdomo kwenye sufuria ya watu. Pia anatoka alfajiri na kurudi jioni amechoka, amepaka grisi hadi kwenye viwiko, na bado ana logibuku ya kuandika. Wenyeji wasipoelezwa, watadhani ni mgeni mvivu. Mama alimpigia mama mdogo kabla: "Dada, huyu anakuja kazini, hakuja kutembea. Jumamosi na Jumapili mtume atakavyo. Siku za kazi mniachie aandike daftari lake, nakuomba." Simu ya dakika tano iliokoa wiki nane za manung'uniko.

Wiki mbili za ufagio

Siku ya kwanza binti alikabidhiwa ufagio. Siku ya pili, ndoo ya dizeli na rundo la vyuma vya kuosha. Siku ya tatu, ufagio tena. Mafundi walimwita "mwanachuo" kwa sauti iliyokuwa na utani na dharau kidogo. Mmoja alimwambia kazi hii si ya wenye kucha.

Ijumaa ya wiki ya pili alimpigia mama, akilia. "Nimesoma miaka miwili, mama. Nafagia."

Baba alisikia, akataka kumpigia mtu anayemfahamu ili binti ahamishiwe kwenye ofisi. Mama akamzuia. Akamwuliza binti swali moja: "Hao mafundi, wao ilikuwaje walipoanza?"

Binti hakujua. Jumatatu alimwuliza fundi mkuu wakati wa chai. Mzee alicheka. Akaeleza kwamba yeye alifagia miezi sita. "Nilikuwa nafagia huku naangalia. Ukifagia chini ya mashine utaona inavuja nini. Mafuta, maji au unga. Sakafu inasema, binti yangu. Wengi wanafagia wamefumba macho."

Kuanzia siku hiyo logibuku yake ilibadilika. Zamani aliandika, "Leo nimefanya usafi." Sasa aliandika kilichoanguka chini ya mashine ipi, cha rangi gani, saa ngapi.

Kuna habari moja ambayo mtoto wa ziwani anastahili kuijua anapopewa kopo la grisi. Meli ya Liemba, ambayo wazee wa mwambao wa Ufipa walisafiri nayo miaka nenda rudi, iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 ikiitwa Graf von Götzen. Ilifunguliwa vipande vipande, ikafungwa kwenye masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa kwa meli hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli ya kati, ikaunganishwa upya Kigoma na kuingizwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata, katika Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani waliizamisha wenyewe isitekwe. Kabla ya kuizamisha, mafundi walizipaka injini zake grisi nzito. Mwaka 1924 Waingereza waliiibua kutoka majini. Injini zilikuwa bado zinafaa, na mwaka 1927 meli ilirudi kazini kwa jina la Liemba. Miaka karibu minane chini ya maji, na kilichoziokoa injini ni mtu aliyepaka grisi vizuri siku ambayo angeweza kusema haina maana tena.

Beringi iliyokufa mara tatu

Wiki ya nne aliingia mteja mwenye mashine ya kusaga, amekasirika. Beringi ya mashine yake ilikuwa imekufa tena, mara ya tatu tangu mahindi mapya yaanze kuvunwa. Alisema anauziwa beringi feki. Mafundi walizoea: unafungua, unabadilisha, unafunga, unapokea pesa.

Fundi mkuu aliweka beringi mbovu mkononi mwa binti. "Mwanachuo, hii imekufa kwa ugonjwa gani?"

Binti alianza kutaja kanuni za darasani. Mzee akamkatisha kwa upole: "Sijauliza kitabuni wameandika nini. Nimeuliza hii."

Alirudi kwenye daftari la karakana, akaona mara zote tatu ni beringi ya upande uleule. Akamwuliza mteja amebadilisha nini kingine kwenye mashine. Mteja akakumbuka: nyundo za ndani zinazopiga mahindi zilikuwa zimelika, akabadilisha chache zilizovunjika, akaziacha nyingine ili asitumie pesa nyingi.

Mzee akamtuma binti akaazime mizani kwa muuza duka jirani. Binti wa mama anayeuza dagaa kwa mizani hakuhitaji kufundishwa kupima. Akazipima nyundo moja moja na kuandika. Mpya zilikuwa nzito kuliko kuukuu, na zilifungwa upande mmoja. Mashine inapozunguka maelfu ya mizunguko kwa dakika, tofauti ndogo ya uzito inakuwa kama mtu anayeruka upande mmoja wa mtumbwi. Mashine inatetemeka, na mtetemo huo unaishia kwenye beringi.

Wakapanga nyundo upya, zilizolingana uzito zikikabiliana. Beringi mpya ikawekwa, mashine ikawashwa. Mlio ulikuwa tofauti hata kwa sikio la mteja.

Fundi mkuu hakumpigia makofi. Alikuwa anajua jibu tangu mwanzo. Alichosema ni kwamba karakana ile haijawahi kuwa na mtu wa kuandika uzito wa nyundo, akamwomba atengeneze jedwali libandikwe ukutani. Jedwali hilo likawa kiini cha ripoti yake.

Tofauti yake na mwenzake wa darasa moja ilionekana mwalimu alipokuja kukagua. Mwenzake alipata nafasi katika ofisi kubwa ya mji mkubwa. Alikaa kwenye kiti chenye magurudumu, akachezea simu, jioni akanakili logibuku ya kaka aliyemtangulia. Mwalimu aliuliza swali moja tu: "Nionyeshe mashine uliyoandika hapa." Hakuweza kuionyesha. Wazazi wake bado wanawaambia majirani kwamba kijana alifanya fildi mahali pakubwa.

Usalama, na jambo lisilosemwa

Wazazi huwaambia watoto "uwe makini" na kuishia hapo. Umakini wa karakana una majina. Nguo iliyolegea, kanga, mtandio na nywele ndefu zisizofungwa vinaweza kunaswa na shafti inayozunguka. Viatu vya wazi havifai. Mashine haifunguliwi kabla umeme haujazimwa na mwenye ufunguo wa kuuzima akajulikana ni nani. Mtoto akiambiwa aguse asichokielewa, ana haki ya kusema, "Nionyeshe kwanza." Maneno hayo ayafanyie mazoezi nyumbani, kwa sababu mbele ya mafundi kumi ni magumu kutamka.

Kuna jambo lingine ambalo baba na mama hulikwepa, hasa kwa mabinti. Saini ya msimamizi ina nguvu. Wapo wanaoitumia vibaya: "Njoo jioni nikusainie daftari lako." Hiyo ina jina kisheria, ni rushwa ya ngono, na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inaitaja katika kifungu cha 25 kuwa ni kosa. Taarifa hupelekwa TAKUKURU, ambao simu yao ya bure ni 113, na chuo nacho lazima kijulishwe ili mwanafunzi abadilishiwe mahali.

Mzazi ayaseme haya kabla safari haijaanza, kwa maneno ya wazi. Kisha aongeze sentensi ambayo mtoto ataikumbuka kuliko zote: "Ikitokea, nipigie mimi kwanza. Sitakuuliza ulivaa nini." Binti anayeamini atalaumiwa nyumbani hunyamaza kazini. Na anayenyamaza ndiye anayetafutwa.

Maswali ya jioni

Kuna wazazi wanaopiga simu kila siku na wanaopiga mara moja kwa mwezi. Muhimu zaidi ni kinachoulizwa. "Wanakulipa?" humfanya mtoto ajione mzigo. "Umekula?" ni swali zuri, lakini halitoshi. Mama wa Kirando, ambaye hajawahi kuingia karakana, alikuwa na maswali yake manne, na hakuna hata moja linalohitaji elimu ya uhandisi:

Leo umefungua nini?

Nani amekufundisha?

Umekosea wapi?

Umeandika?

Swali la tatu ndilo gumu. Mtoto akizoea kumwambia mama alipokosea, na mama asipige kelele, atazoea kumwambia msimamizi pia. Katika kazi za mashine, kosa lililosemwa mapema hurekebishika. Lililofichwa linaweza kumkata mtu mkono.

Baba alikuja kuzoea polepole. Agosti 15 ziwa lilipofunguliwa, siku chache baadaye alituma pesa ya kwanza, si nyingi, na ujumbe mfupi: "Hii ni ya chakula. Ile mashine ya unga inaendeleaje?" Binti aliusoma ujumbe huo kwenye kibaraza cha karakana, akauonyesha kwa fundi mkuu.

Septemba, Kirando

Wiki nane zilikwisha katikati ya Septemba. Kabla ya kurudi chuoni binti alishuka Kirando kwa siku nne. Basi lilipoacha baridi ya uwanda na kuanza kuteremka kuelekea ziwani, alivua sweta.

Jioni ya pili baba alimwita ufukweni. Hakusema moja kwa moja. Alisema injini ya boti inasikika vibaya, labda ni masikio yake tu. Binti aliuliza mafuta ya gia ya chini yalibadilishwa lini. Baba akatazama maji. Hakumbuki. Labda mwaka juzi.

Alifungua skrubu ya chini, akakinga kopo. Mafuta yalitoka meupe kama chai ya maziwa. Akamweleza baba maana yake: maji yanaingia, sili imechoka, na gia zinafanya kazi ndani ya maji badala ya mafuta. Ikibadilishwa sasa ni gharama ya sili na mafuta. Ikiachwa hadi msimu ujao ni gharama ya gia nzima, na huenda zikamsimamisha katikati ya ziwa, usiku, upepo ukivuma.

"Hili nalo wamekufundisha chuo?"

"Hapana baba. Karakana."

Baba hakujibu. Kesho yake alikwenda mwenyewe kutafuta sili. Walipomaliza kuifunga, binti alitoa kwenye mkoba daftari dogo la kurasa 48, jipya, akaandika juu yake "Injini", akampa. Akamweleza kila akibadilisha kitu aandike tarehe na alichobadilisha, basi.

Baba alilishika kama mtu aliyekabidhiwa hati ya shamba. Alikaa kwenye ukingo wa boti, akachukua kalamu.

"Leo tarehe ngapi?" akauliza.